"Ni Utani Tu": Meme za Makabila na Mtani Aliyepotea

Kuna sentensi moja inayofunga mjadala wowote kwenye grupu la WhatsApp: "Ni utani tu jamani." Mtu anatupia meme ya Mhaya anayemsalimia mbuzi kwa Kiingereza, au Msukuma anayeishangaa lifti, au Mpare anayefungua kesi mahakamani kwa sababu ya shilingi mia mbili. Akitokea mmoja akauliza "lakini hii ni sawa kweli?", sentensi ile inashuka kama pazia. Aliyeuliza anaonekana mnoko. Zinafuata stika tatu za kucheka, halafu mazungumzo yanahamia kwenye mchango wa harusi.

Leo naandika upande wa yule mnoko. Sina ugomvi na kucheka, na baadhi ya meme hizi nazicheka mpaka sasa. Ugomvi wangu uko kwenye neno "utani". Tunalitumia kama msamaha wa jumla, wakati katika jamii zetu neno hilo lina masharti, na meme nyingi za makabila hazitimizi hata nusu ya masharti hayo.

Mwaka 1940 mwanaanthropolojia wa Kiingereza, A. R. Radcliffe-Brown, alichapisha makala kuhusu uhusiano wa utani katika jarida liitwalo Africa. Hoja yake ni kwamba utani wa aina hii hautokani na ucheshi wa mtu binafsi. Ni kitu kinachofanana na mkataba: pande mbili zinajulikana, upande mmoja una ruhusa ya kumkebehi mwenzake, na anayekebehiwa anatakiwa asikasirike. Wazee wetu hawakuhitaji jarida kulijua hilo. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karne ya 19, leo ni watani. Wanyamwezi waliobeba mizigo ya misafara kwenda pwani walipata watani huko, Wazaramo wakiwemo. Wachaga na Wapare, majirani wa mlima kwa mlima, mpaka leo hawaachani.

Tena utani ulikuwa na gharama. Mtani alitakiwa msibani. Alikuja kuchimba kaburi, kubeba, kuhangaika na shughuli, na katikati ya kilio akaigiza marehemu alivyokuwa anatembea, au akagoma kuendelea na kazi mpaka apewe chochote, wafiwa wakajikuta wanacheka huku machozi yanawatoka. Aliyekucheka ukiwa hai ndiye aliyekuja kukuzika. Kebehi na jembe vilikuja pamoja, mkononi mwa mtu yuleyule.

Sasa linganisha na meme. Aliyeitengeneza hajulikani. Aliyeituma hawajibiki, maana "nimefowadi tu kama ilivyopokelewa". Na anayechekwa mara nyingi hayupo. Kwenye grupu la wapangaji wa fleti, picha ya Mmasai mlinzi inazunguka asubuhi nzima, watu wanacheka, na Mmasai mwenyewe hayumo kwenye grupu. Yuko chini, anawafungulia geti.

Si kwamba mtandao hauwezi kubeba utani wa kweli. Unaweza, na ushahidi ni mpira. Magazeti yetu yanawaita Simba na Yanga "watani wa jadi", na kwa mara moja lugha ya magazeti iko sahihi kabisa kitaaluma. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga waliifunga Simba 5-1, na kwa siku kadhaa haukuweza kufungua simu bila kukutana na kiganja cha vidole vitano. Simba walijibu kwa kufukua kaburi: 5-0 ya Mei 2012, na kwa wenye umri, 6-0 ya 1977. Angalia jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi ya deni hapo. Anayetuma leo anajua zamu yake ipo, na anayetumiwa yumo ndani ya grupu na ana simu mkononi na bando la kujibu. Meme hizo ni za kikatili wakati mwingine, lakini zina pande mbili zinazotoshana. Ndiyo maana mimi nazihesabu kuwa utani halali.

Kwa nini basi za makabila zinaharibika njiani? Hapa inabidi turudi kwenye asili ya neno "meme". Lilibuniwa mwaka 1976 na mwanabiolojia Richard Dawkins, katika sura ya 11 ya kitabu chake The Selfish Gene. Alitaka jina la kipande cha utamaduni kinachojinakili kutoka kichwa hadi kichwa, kama jeni inavyonakiliwa kutoka mzazi kwenda kwa mtoto. Alichukua mzizi wa Kigiriki unaohusu kuiga, akaukata ili usikike kama neno la Kiingereza la jeni. Mifano yake ilikuwa nyimbo, misemo, mitindo ya mavazi, namna ya kufinyanga vyungu. Kwa kipimo hicho sisi tulikuwa na meme kabla hatujajua bando ni nini.

Chukua neno "Mangi". Uchagani mangi alikuwa mtawala. Wamangi waliongoza maeneo yao mlimani mpaka utawala wa machifu ulipoondolewa baada ya uhuru. Leo Dar es Salaam, Mangi ni yule mwenye duka la mtaani anayekuuzia unga, sabuni na vocha, na ataitwa Mangi hata kama kwao ni Singida. Cheo kimeshuka kutoka kitini mpaka kaunta, na kabila zima likagandishwa kwenye kazi moja. Hakuna kikao kilichoamua hivyo. Neno limepita mdomo kwa mdomo tu, na kila mdomo ukalinyoosha kidogo.

Huko kunyoosha ndiko Dawkins hakukupa uzito wa kutosha. Jeni inanakiliwa kwa usahihi mkubwa sana. Hadithi hainakiliwi hivyo. Mwanaanthropolojia Dan Sperber amesisitiza kwamba tukisikia jambo hatulinakili kama mashine ya fotokopi. Tunalijenga upya kwa matofali tuliyonayo tayari kichwani, kwa hiyo matoleo yote yanaelekea kuvutwa upande uleule.

Kuna jaribio maarufu linaloonyesha uvutaji huo. Mwaka 1947 wanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport na Leo Postman walichapisha utafiti kuhusu uvumi. Mtu mmoja alionyeshwa picha ya watu ndani ya treni ya mjini: mwanamume Mzungu ameshika wembe, anabishana na mwanamume Mweusi. Akamsimulia mwenzake ambaye hajaiona picha, huyo akamsimulia wa tatu, na kuendelea. Katika zaidi ya nusu ya minyororo hiyo, mahali fulani njiani wembe ulihama. Ukatoka kwenye mkono wa Mzungu ukaenda kwenye mkono wa Mweusi.

Ninachokipenda zaidi kwenye jaribio hili ni yaliyolipata lenyewe. Vitabu kadhaa vya saikolojia viliendelea kulisimulia kana kwamba walioiona picha kwa macho yao ndio waliosema wembe ulikuwa kwa Mweusi. Sivyo, ilitokea wakati wa kupokezana. Mwaka 1987 watafiti wawili, Treadway na McCloskey, walilazimika kuandika makala kuwakumbusha wenzao jaribio lilivyokuwa. Yaani utafiti kuhusu uvumi nao ulipitishwa kwenye uvumi, mikononi mwa maprofesa.

Utafiti wa Yoshihisa Kashima wa mwaka 2000 unatusogeza karibu zaidi na meme. Watu watano watano walipokezana hadithi ya mwanamume na mwanamke, yenye mambo yanayolingana na sifa tunazozibandika jinsia hizo na mambo yanayokwenda kinyume. Mwanzoni mwa mnyororo, yale ya kinyume ndiyo yaliyohifadhiwa zaidi. Inaeleweka: jambo la ajabu linashika akili. Lakini kadiri hadithi ilivyokaribia mwisho, mambo ya ajabu yalianguka, yakabaki yale ambayo kila mtu aliyaamini hata kabla ya kuisikia hadithi.

Hiyo ndiyo safari ya meme ya kabila. Inaanza na jirani fulani, mtu mwenye jina, Mchaga aliyekataa kumkopesha shemeji yake lakini akamlipia mtoto wa mpangaji ada. Mkono wa kwanza unasimulia yote mawili, kwa sababu ndiyo utamu wa habari. Mkono wa tano una picha ya mtu mwenye noti usoni na maneno mawili: "Mchaga bwana." Ada ya mtoto wa mpangaji imefia njiani. (Hata nyuso tunazotumia zimepotelewa na habari zao. Wale "watoto watundu" wa Nollywood walioenea dunia nzima kwenye stika, Chinedu Ikedieze na Osita Iheme, walikuwa watu wazima wote wawili walipocheza filamu ya Aki na Ukwa mwaka 2002.)

Nitulie hapa kwa Wachaga, kwa sababu wao wana meme mbili zinazosafiri kwenye makundi yaleyale, na ukiziweka pembeni kwa pembeni utaona tofauti ninayoisema.

Ya kwanza ni ya Desemba. Unaijua. Dar imebaki tupu, maduka yamefungwa, magari yamejipanga barabara ya kwenda Moshi, na yule ambaye mwaka mzima alijifanya hana kabila ghafla anauliza nauli. Ni meme nzuri, na nasema hivyo kama mhakiki. Ina uchunguzi ndani yake: mtu wa mjini ana nyumba mbili, na ile ya mgombani ndiyo anayoiita nyumbani. Kuna kuzuru makaburi, kuna mbuzi, kuna mbege, kuna hesabu ya nani amejenga na nani bado. Wachaga wenyewe wanaitengeneza kuliko mtu mwingine yeyote, na watani wao Wapare wanaongezea chumvi. Anayechekwa yumo ndani ya basi, anacheka na wewe, na tarehe 26 anakutumia picha ya nyama kukuumiza roho. Kila kitu ambacho utani unadai kipo.

Ya pili ni ya mwanamke wa Machame. Hiyo nayo unaijua: usimwoe, au ukimwoa usimwandikishe nyumba, kwa maana atakumaliza arithi mali. Inakuja kama picha ya bibi harusi anayetabasamu, au stika ya mjane asiye na chozi. Tazama jinsi ilivyojengwa. Hakuna uchunguzi wowote ndani yake, hakuna kitu ambacho aliyewahi kukaa Machame atakitambua na kusema "kweli, ndivyo tulivyo". Kuna tuhuma ya jinai tu, imevikwa kicheko. Na haina mwisho wa mchezo. Mpare akiitwa bahili anaweza kukununulia soda akakufunga mdomo. Mwanamke anayeitwa muuaji wa waume anajibu kwa kufanya nini? Kwa mumewe kuishi? Watasema bado anasubiri. Na mume akifa, kwa presha, kwa ajali, kwa chochote, meme imeshaandika ripoti ya daktari kabla ya maiti kufika mochwari.

Hapo ndipo nashindwa kukubali kwamba hili ni suala la hisia tu. Mirathi ya wajane Tanzania ni jambo la sheria na la paa juu ya kichwa. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, Tangazo la Serikali namba 436, lilimweka mjane pembeni kwenye urithi wa mumewe na kumwacha atunzwe na watoto wake. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilipoulizwa kuhusu kanuni hizo ilikiri kwamba zinabagua, lakini haikuzifuta. Wajane wawili waliohusika, waliokuwa wameondolewa na upande wa waume zao kwenye nyumba walizoishi, walifika mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo ikasema Tanzania ilivunja haki zao. Wajane hao walitoka Shinyanga, si Kilimanjaro, na sisemi kisa chao kilisababishwa na meme. Ninachosema ni kwamba katika nchi ambayo hofu ya kweli ya mjane wengi ni kufukuzwa kwenye nyumba, kicheko chetu kinasimulia hadithi iliyogeuzwa kichwa chini: mjane ndiye mwindaji, na ndugu wa mume ndio wahanga. Wembe umehama mkono.

Mtu atasema: sawa, lakini nani anabadilisha tabia kwa sababu ya stika? Swali zuri, na limefanyiwa kazi. Mwaka 2008 Thomas Ford na wenzake nchini Marekani walichapisha majaribio mawili kuhusu vichekesho vya kudhalilisha wanawake. Kwanza walipima kila mwanamume ana uhasama kiasi gani kwa wanawake. Baadaye baadhi walisoma vichekesho vya kudhalilisha, wengine vichekesho vya kawaida, wengine maneno ya kudhalilisha yasiyo ya kuchekesha. Kisha wakaulizwa wako tayari kuchangia kiasi gani kwa shirika la wanawake. Wanaume wenye uhasama mkubwa waliosoma vichekesho vya kudhalilisha walikuwa tayari kutoa kidogo kuliko wenzao wenye uhasama uleule. Maneno makavu, bila kicheko, hayakuwa na nguvu hiyo. Kwenye jaribio la pili, la kupunguza bajeti ya vyama vya wanafunzi, hali ilikuwa ya namna hiyohiyo.

Soma tena matokeo hayo polepole, maana ni rahisi kuyapindisha. Vichekesho havikuwageuza watu wema kuwa wabaya. Wasio na uhasama hawakuguswa. Kilichotokea ni kwamba wenye uhasama walisikia mlango ukifunguliwa: kumbe hapa inaruhusiwa. Ni majaribio ya wanafunzi wa Marekani, si ya ukoo unaokaa kikao cha arobaini, na ningependa sana kuona yakirudiwa huku kwetu. Lakini mantiki yake inatuhusu. Kwenye grupu la ukoo lenye watu 80, huenda 75 wanaicheka stika ya Machame na kusahau. Watano waliobaki, mmoja wao akiwa shemeji anayekiangalia kile kiwanja kwa macho mawili, wanahesabu wangapi wamecheka.

Je, zifungiwe? Sidhani. Kenya walijaribu njia ya orodha. Aprili 2022, kuelekea uchaguzi wa Agosti, Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ilitoa orodha ya maneno iliyoyahesabu kuwa ya chuki, yakiwemo "madoadoa" na "hatupangwingwi". Naielewa hofu yao. Nchi iliyopitia machafuko ya 2007 na 2008 haina anasa ya kupuuza lugha. Ila "madoadoa" kwa siku za kawaida ni neno la chui na kanga. Sumu ilikuwa kwenye nani anamwambia nani, akimaanisha mtaa upi uwe wa nani. Orodha inakamata neno na kuiacha picha ipite, na picha ndiyo inayosafiri kwa kasi.

Mimi kama mwanafunzi wa utafiti najali zaidi swali jingine, ambalo nadhani tunaweza kulijibu sisi wenyewe. Wapo wanawake wanaoijibu meme ya Machame kwa kuigeuza: picha ya mume mnene, ana afya, ameshiba, na maneno kama "mwaka wa 20, bado namtunza". Ni jibu la kitani hasa. Kwa mujibu wa Kashima, hilo ni jambo la kinyume, kwa hiyo linapaswa kung'aa kwenye mikono ya kwanza na kufifia baadaye. Je, ndivyo inavyokuwa? Bahati nzuri WhatsApp imetupa rula. Ujumbe ukishafowadiwa mara tano au zaidi kutoka kwa mtumaji wa kwanza, unawekewa mishale miwili badala ya mmoja. Tano, urefu uleule wa minyororo ya Kashima.

Kwa hiyo kazi ni ya moja kwa moja: kukusanya meme za kabila moja zenye mshale mmoja na zenye mishale miwili, kuhesabu ngapi zinaibeba sifa ya kubandikwa na ngapi zinaipindua, na kuona kama zile za kupindua kweli zinafia kabla ya mshale wa pili. Kibali cha maadili ya utafiti chuoni tunajua kinavyoombwa. Cha admini wa grupu la ukoo, ambaye mara nyingi ndiye anayefowadi kuliko wote, ndicho bado tunakitafutia njia.